Nyasi Zako Zibaki Kwako

Rhamu, nyasi mbichi wakati wa kiangazi hazitupwi. Mwambie mama mwenye mbuzi watano kwamba hizo ni takataka, atakucheka. Ndiyo maana mwenye ua wa nyasi za urembo, iwe ni ofisi au nyumba ya tajiri, akishafyeka na kusema "chukueni mkaozeshe, ni mboji ya bure," huonekana mkarimu. Mimi nasema atuambie kwanza alipuliza nini.

Maana ua ule haukukosa magugu kwa dua. Kuna dawa za magugu, klopiralidi na aminopiralidi zikiwemo, zinazoua mimea ya majani mapana na kuziacha nyasi zikinawiri. Nyasi hubeba dawa hiyo bila dalili yoyote. Wanaokuja kuumwa ni nyanya, maharagwe na kunde: majani yanajikunja, shina linapinda, mche unadumaa. Si kila dawa hudumu hivyo, na hapo ndipo penye shida, kwa sababu kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Jibu nalijua: ati joto la mboji linaua kila kitu. Wapi! Joto huua mbegu za magugu na vijidudu. Dawa hizi hukaa ndani ya lundo kwa miezi. Basi tuwape mbuzi? Hupita tumboni, zikatoka na mkojo na samadi zikiwa bado na nguvu. Huko Spokane, Marekani, mboji iliyotokana na nyasi za majumbani iliharibu mboga za watu, hata mwaka 2002 jimbo la Washington likapiga marufuku klopiralidi kwenye nyasi hizo. Mwaka 2008 Uingereza nayo ilisimamisha aminopiralidi baada ya samadi kuharibu bustani.

Hao wana maabara. Mkulima wa kando ya Daua ana nyanya, deni la dizeli ya pampu, na mto unaokauka. Miche ikijikunja, ataambiwa ni ugonjwa, kisha auziwe dawa nyingine.

Kwa hivyo mzigo usiwe wa anayepokea. Aliyepuliza ndiye aliyeshika chupa. Aseme jina la dawa na siku aliyoipuliza. Kama hajui au hataki kusema, akishafyeka aziache nyasi palepale zilipoanguka, zirutubishe ardhi yake mwenyewe. Na kama magugu yanamkera, jembe lipo, na vijana wanaotafuta kibarua wapo.

Nawe uliyekwisha kuchukua, usimwage shambani bado. Chukua mikebe miwili: mmoja tia udongo safi uliochanganywa na mboji hiyo, mwingine udongo safi mtupu. Panda maharagwe yote mawili, ungoje wiki tatu. Yakijikunja kwenye mkebe wa mboji tu, pakia mkokoteni, umrudishie mwenyewe.