Springi Ndefu Haziinui Difu

Hoja iliyochapishwa na watetezi wa kunyanyua magari inadai kwamba pikapu inayoendeshwa kwa magurudumu manne katika wilaya za Tarime na Serengeti haina budi kufungwa springi ndefu, kwa sababu ya mawe na tope, na kwamba urefu huo hauna madhara kwa usalama.

Dai la mawe linaanguka chini ya gari lenyewe. Katika Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, yenye ekseli nzima mbele na nyuma, springi hukaa kati ya ekseli na chasisi. Hivyo huinua chasisi na bodi, ilhali difu, yaani bakuli la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili, hubaki palepale, likikwaruza jiwe lilelile njiani kwenda Nyamongo. Kinachoinua difu ni tairi kubwa zaidi. Nalo tope jeusi la Serengeti hunasa gari kwa kujaza kashata za tairi, na springi haisafishi kashata.

Dhaifu kuliko yote ni dai la usalama. Kitovu cha uzito kikipanda, pikapu iliyosheheni ndizi huelemea upande mapema zaidi kwenye kona za milima ya Tarime. Katika Hilux, ambayo magurudumu yake ya mbele hucheza kila moja peke yake, sivijointi, yaani kiungo kinachozungusha gurudumu la mbele, hulazimika kufanya kazi ikiwa imepinda kupita kiasi, mpira unaoifunika huchanika, vumbi huingia kwenye grisi, na paipu ya breki isiyorefushwa huvutwa kila gurudumu linapozama shimoni.