Tumpunguzie Msanii Wetu Hofu ya Kesho

Karibu kila familia ina mtu wake: binti anayejaza michoro kurasa za mwisho za daftari, kijana anayetunga mashairi, shangazi anayesuka mikeka ya ukili kwa nakshi alizobuni mwenyewe. Je, tumewahi kujiuliza anaifanya kazi hiyo saa ngapi, na kwa wasiwasi gani moyoni?

Wapo wanaosema msanii hukomazwa na shida. Ni kweli, shida humpa mtu la kusema. Lakini kulisema vizuri kunataka muda na utulivu. Atavipata wapi mtu asiyejua kodi ya chumba itatoka wapi?

Tumkumbuke mwandishi Shaaban Robert. Mwaka 1926 aliingia ukarani wa forodha, kisha akatumikia idara nyingine za serikali ya kikoloni kwa miaka mingi. Kitabu chake Kusadikika kilipotoka mwaka 1951, bado alikuwa mtumishi wa serikali. Kazi ya ofisini haikuizima kalamu yake. Mshahara wa karani haukuwa utajiri, lakini ulikuwa na tarehe yake.

Tuutazame na muziki wetu wa dansi. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi ya NUTA Jazz. Wanamuziki wakawa waajiriwa wa mshahara, na vyombo vikawa vya chama. Baadaye Shirika la Bima nalo likawa na bendi yake, Bima Lee. NUTA Jazz imebadili majina mara kadhaa, na leo tunaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Ni nyimbo ngapi tunazozipenda zilitungwa na watu waliojua mwisho wa mwezi watapata kitu?

Ayalandi ilianza mwaka 2022 kuwalipa wasanii 2,000 euro 325 kila wiki, kwa majaribio. Kwetu, tusingoje hadi tufikie uwezo huo. Yapo tunayoyaweza leo.

Nyumbani, tumwachie mwenye kipaji saa moja ya jioni iwe yake. Mara nyingi binti ndiye anayeikosa, kwa kuwa maji, vyombo na wadogo zake vinamngoja. Je, kaka zake hawawezi kushika ndoo siku mbili tatu kwa wiki?

Kwenye sherehe zetu, mpishi hulipwa, na mwenye maturubai hulipwa. Basi na mwimbaji, hata akiwa mpwa wetu, tumwekee fungu lake kwenye bajeti ya kamati. Kumtunza jukwaani ni heshima nzuri, lakini malipo tuliyokubaliana ndiyo atakayoyapangia matumizi.

Kazini, wewe unayeagiza picha ya ukumbini au kinyago cha kumzawadia mgeni, toa kianzio, kisha umalizie siku ya kukabidhiwa. Na wewe msimamizi, ukiwa na mlinzi au mhudumu anayepiga gitaa, mpangie zamu mapema. Hutapungukiwa na kitu, naye atajua siku gani ni ya mazoezi.

Nanyi wasanii wetu, msione aibu kuwa na kazi nyingine mkononi. Ingieni kwenye vikoba, kateni bima ya afya, na siku ya mauzo mazuri wekeni akiba kabla ya matumizi. Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru kutafuta maisha Dar es Salaam, alifanya kazi mbalimbali kabla ya kuanza kuchora mwaka 1968. Alifariki mwaka 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendelea na mtindo wake, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Msanii mwenye wenzake haanguki peke yake akiugua au soko likilala.

Hakuna anayeahidi kwamba kila mwenye utulivu atatunga jambo kubwa. Tunachotaka ni kwamba mwenye nalo asilizike kwa sababu ya deni la dukani.

Basi wiki hii, kila mmoja wetu amtafute msanii mmoja wa karibu naye na kumuuliza: umekwama wapi katika kazi uliyoianza? Akitaja jambo lililo ndani ya uwezo wetu, tulifanye.