Tukande, Ila Tuulize Kwanza

Kamati imependekeza kwamba katika jioni ya utamaduni ya muhula huu chama kiwe na meza ya kukandwa: mafuta ya nazi, viti viwili, na wanachama waliojifunza kwa mama na bibi zao wakiwakanda wageni mabega kabla ya mitihani. Sisi tunaunga mkono. Wengi wetu tumelelewa katika nyumba ambamo mzazi hamalizi arubaini bila kukandwa kwa maji ya moto, na mtoto mchanga hachuliwi mafuta bila kunyooshwa viungo. Itakuwa ajabu tuuze mandazi, tuonyeshe kanga, kisha tuione haya sanaa hiyo. Tunachoomba ni kwamba kila atakayekaa kwenye kiti aulizwe maswali machache kabla ya kuguswa, na kwamba tuache kumpima mkandaji kwa uzito wa mkono wake.

Sababu yetu ni watu wenye maradhi ya tishu unganishi, hasa yale yaitwayo Ehlers-Danlos. Chamani wapo, na baadhi yetu tunaoandika makala haya tumo miongoni mwao. Jina hilo linatokana na madaktari wawili wa ngozi, Edvard Ehlers wa Denmark na Henri-Alexandre Danlos wa Ufaransa, walioyaeleza mwanzoni mwa karne ya 20. Tishu unganishi ni kamba na gundi ya mwili: imo katika ngozi, katika kano, katika kuta za mishipa ya damu, katika vifuko vinavyofunika viungo. Uimara wake unategemea sana kolajeni, protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini. Katika uainishaji wa kimataifa wa mwaka 2017 wataalamu walihesabu aina 13 za Ehlers-Danlos. Iliyo ya kawaida zaidi ni ile ya viungo kulegea kupita kiasi, nayo hadi leo haina kipimo cha jeni cha kuithibitisha; daktari huitambua kwa kuuchunguza mwili na kusikiliza historia ya mtu na ya ukoo wake. Kidole gumba kinalala juu ya kigasha, goti linapinda kwa nyuma, bega linachomoka mtu akivaa koti.

Kulegea viungo peke yake si ugonjwa. Watoto wengi wamelegea, na wachezaji wengi wa ngoma wanajivunia. Ugonjwa ni pale kulegea kunapokuja pamoja na maumivu yasiyokwisha, uchovu, na viungo vinavyotoka mahali pake. Na hapa lugha yetu, tuseme kweli, haimtendei haki mgonjwa: neno lile lile 'mlegevu' tunamwita mwenye viungo vilivyolegea na tunamwita mvivu. Mtoto aliyeshindwa kushika kalamu kwa saa nzima keshahukumiwa kwa neno moja.

Sasa, mtu akisikia kwamba viungo vimelegea hudhani misuli nayo itakuwa laini. Mara nyingi ni kinyume chake. Kano zikishindwa kushika, misuli huchukua kazi yao, ikakaza kutwa kucha. Shingo na mabega ya mtu huyu huwa magumu kama ubao. Ndipo mkandaji hodari anapoyashika na kusema, "Mwanangu, umekaza wewe!", akaweka kiwiko, akavuta mkono, akageuza shingo mpaka ikalia. Mtu anainuka akijiona mwepesi. Kesho yake bega limechomoka. Jahazi likipwelewa huegemezwa gadi ubavuni, miti ya kulizuia lisilale. Hakuna nahodha anayeziondoa kwa sababu tu zinaubana ubao. Misuli ile iliyokaza ndiyo gadi. Inauma, ndiyo, na inastahili kupumzishwa, lakini kidogo kidogo, na kiungo kikiwa kimeegemezwa mto au kimeshikwa kwa mkono wa pili. Kukivuta na kukinyoosha ni kukiongezea kile ambacho tayari kimekizidi.

Hatari haiishii kwenye viungo. Ngozi ya wengi wao huvilia damu upesi. Wapo wakandaji waliofundishwa kuangalia wekundu ili wajue kwamba sasa imetosha, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, kwa hiyo jicho halitoshi, lazima mdomo uulize. Kuna aina adimu inayodhoofisha kuta za mishipa mikubwa ya damu na za utumbo hadi zinaweza kupasuka. Mwenye aina hiyo hakandwi kwa nguvu tumboni wala shingoni. Mwenye ugonjwa wa Marfan, ambao nao ni wa tishu unganishi na huweza kuutanua mshipa mkuu utokao moyoni, naye afuate kwanza maneno ya daktari wake. Wengine wakiinuka ghafla hushikwa na kizunguzungu, moyo ukaenda mbio, basi baada ya kukandwa waachwe wakae, wanywe maji, wasimame taratibu. La mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi: wengi wenye viungo hivi hawahisi vizuri kiungo chao kiko wapi. Ukimvuta akanyamaza, usidhani hajapita mpaka. Pengine hajui kama amepita.

Na wengine wananyamaza kwa adabu. Hili ni letu, si la wenyeji wa hapa. Tumefunzwa kwamba mkono wa mkubwa haukataliwi, na kwamba maumivu ya kukandwa ndiyo dawa yenyewe: "Vumilia, ndiyo inatoka hiyo." Binti wa miaka 20 atamwambiaje bibi yake apunguze? Tumejaribu, na inawezekana bila kuvunja heshima: "Bibi, naomba radhi, hapo pananiuma vibaya, nipapasie tu." Mabibi wengi hupunguza mara moja, walikuwa wanangoja kuambiwa. Mgumu zaidi ni kijana mwenzetu aliyetazama video tatu na kuamini kwamba shingo isipolia hajafanya kazi.

Wako wanachama waliotuambia kwamba kama mambo ni hayo, wagonjwa hawa wasikandwe kabisa. Hatukubaliani nao. Utafiti uliolenga kukandwa kwa watu wenye Ehlers-Danlos ni mchache, na asitokee wa kuahidi uponyaji: hakuna mafuta yanayobadilisha kolajeni. Tegemeo kubwa ni mazoezi ya kuimarisha misuli, ya polepole, chini ya mtaalamu wa fiziotherapia. Lakini mtu ambaye shingo imemkaza siku tatu hawezi hata kuanza mazoezi. Kwa wale kati yetu wanaoishi na hali hii, dakika 20 za mkono mwepesi, kitambaa cha uvuguvugu begani na mito chini ya magoti na viwiko, zimeleta usingizi uliokuwa umekataa. Mkono mwepesi si nusu ya kazi. Kwa miili hii ndio kazi yenyewe.

Kuna atakayesema mambo haya tuwaachie wataalamu. Hapa Uingereza wataalamu wenyewe wametokana na wakandaji: chama chao cha fiziotherapia kilianzishwa mwaka 1894 na wauguzi wanne waliotaka ukandaji uwe kazi yenye mafunzo na heshima. Leo cheo cha mtaalamu wa fiziotherapia kinalindwa na sheria. Cha mkandaji hakilindwi. Yeyote anaweza kutundika kibao mlangoni kesho asubuhi. Kwa hiyo kuuliza kunabaki kwa anayekanda na anayekandwa, madukani na kwenye meza yetu pia.

Tukishakubali kuuliza, tunahitaji maneno, na hapa tunawaomba walimu wetu watusaidie. Kwa Kiswahili cha kila siku 'mshipa' ni njia ya damu, ni neva, na mara nyingi ni kano vilevile. Mama akimwambia daktari wa hapa kwamba mshipa wa bega umekaza, mkalimani asiye makini atatafsiri mshipa wa damu, na daktari ataanza kutafuta kitu kingine kabisa. Vilevile 'kuteguka' kunabeba mengi mno. Mgonjwa anahitaji kutofautisha kiungo kilichochomoka na kubaki nje, kile kilichochomoka nusu kikarudi chenyewe, na kile ambacho hakikutoka bali kano zake zimevutika. Sisi kwa sasa tunasema 'kimetoka', 'kimetoka kikarudi' na 'kimevutika'. Si istilahi za kamusi, lakini wazazi wetu walizielewa mara ya kwanza, na hilo linatutosha mpaka walimu walete bora zaidi.

Kwa meza ya jioni ile tumeandika rasimu ya kadi, upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kiingereza. Je, kuna kiungo chako chochote kinachotoka au kinachotaka kutoka? Je, ngozi yako huvilia damu upesi? Je, daktari amewahi kukuambia una ugonjwa wa tishu unganishi, wa moyo au wa mishipa ya damu? Ukisimama ghafla unapata kizunguzungu? Wapi tusikuguse? Atakayejibu ndiyo kwa swali la tatu tusimkande, tumkaribishe chai. Aliyejibu ndiyo kwa mengine, mabega yapapaswe tu kwa kiganja, bila kiwiko, bila kuvuta, na shingo isigeuzwe. Kusema kweli shingo isigeuzwe kwa mtu yeyote, hata mwenye afya ya simba.

Kamati itaijadili kadi hiyo katika kikao kijacho. Mwenye swali la kuongeza atuletee kabla ya hapo. Mito tunayo sita, inatakiwa minne zaidi.