Hasira, Panga na Sheria



Siku ya mshahara huja na pombe, na pombe huja na magomvi. Katika makambi yetu ya Kericho na Bomet panga haliko mbali na mkono, maana ni chombo cha kazi. Kwa hiyo twaona ni wajibu wetu kusema mapema.

Wengi husema, "Aliyeua ameua." Sheria ya Kenya haisemi hivyo. Katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 203 ni cha kuua kwa kukusudia, na cha 202 ni cha kuua bila kukusudia. Kinachotenga ni nia. Lakini msidanganyike: hata asiyetaka mtu afe, kama alitaka kumwumiza vibaya, sheria humhesabu kuwa alikusudia.

Tutoe mfano. Mtu amechokozwa vikali, akapiga papo hapo kabla hasira haijapoa, mwenzake akafa. Mahakama yaweza kuona kwamba hakukusudia, naye aweza kufungwa hata maisha. Mwingine ametoka kwenye ugomvi, akaenda nyumbani, akachukua panga, akarudi. Hatua zile za kwenda na kurudi zitatoa ushahidi juu yake. Kwake hukumu ya kifo ingali katika sheria, ingawa Desemba 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba jaji halazimiki kuitoa.

Wako pia wanaokimbilia kelele za "Mwizi!" Kifungu cha 21 chasema wenye nia moja mbaya hubeba pamoja tendo la mmoja wao. Aliyetupa jiwe moja aweza kushitakiwa sawa na aliyepiga pigo la mwisho.

Nao waajiri wasidhani haya ni ya makambini tu. Kifungu cha 202 chagusa hata aliyeacha wajibu wa kulinda maisha kwa uzembe mkubwa. Ajuaye kwamba mashine ya kiwandani haina kinga, akaiacha mpaka ikaua, asiseme ni bahati mbaya.

Mwanachama akikamatwa, Katiba ya 2010 yampa haki ya kunyamaza na ya kuonana na wakili. Aitumie. Kukubali kwamba ulipiga si kukubali kwamba ulikusudia kuua.

Lakini wakili hafufui maiti, wala Chama hakiwezi kumrudishia mjane mumewe. Ukichokozwa, ondoka, ukalale. Panga lingoje asubuhi na kazi yake.