Tusipande Masale Kati ya Kazi na Kazi

Watu wa mlimani hupanda masale mipakani mwa vihamba vyao, na mpaka huo huheshimiwa kuliko ukuta wa mawe. Ni desturi njema, nasi hatuna neno juu yake. Lakini yameota masale mengine ambayo hayakupandwa na mababu, nayo yamesimama kati ya kazi na kazi. Mwashi akinyosha mkono katika mkutano wa wakulima, huambiwa kwa upole kwamba neno lake alipeleke kwa waashi wenzake. Karani akisema juu ya mashine, fundi hucheka. Mama aliyelisha ng'ombe miaka thelathini akimwuliza bwana mifugo swali gumu, hujibiwa kama mtoto. Kila mtu amefungiwa katika boma lake, kisha jioni twakaa tukilalamika ati nchi yetu haina wavumbuzi.

Wavumbuzi wapo. Kinachokosekana ni njia ya kupita kutoka boma moja hadi jingine, maana jambo jipya halitoki katika utupu. Hutokea pale ujuzi wa kazi moja unapokutana na shida ya kazi nyingine. Jambo hili si geni kwetu, wala hatuna haja ya kulifuata ng'ambo.

Ndugu msomaji, panda barabara kutoka Moshi mjini kuelekea Kibosho au Marangu, ukasimame katika kihamba cho chote ambacho bado kinatunzwa. Tazama juu, utaona miringaringa na migrevilea. Chini yake imesimama migomba, na chini ya migomba ipo mibuni iliyozoea kivuli. Karibu na ardhi kuna magimbi, viazi vikuu na maharage. Kando ya nyumba kuna banda la ng'ombe ambaye hatoki kwenda malishoni. Huletewa majani na vigogo vya migomba, pamoja na nyasi ambazo akina mama huzibeba kichwani kutoka tambarare. Samadi yake hurudi kwenye migomba, nayo migomba humlisha tena. Mwaka 1984 wataalamu watatu, mmoja wao Jumanne Maghembe ambaye baadaye alikuwa waziri katika serikali yetu, waliandika habari za vihamba hivi, na hesabu ya mimea yake ilipita aina 100. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliitambua Shimbwe Juu, hapa Moshi Vijijini, kuwa mahali pa urithi wa kilimo wa dunia.

Basi tuulize, huyu aliyekitengeneza kihamba alikuwa bwana misitu, bwana shamba, au bwana mifugo? Leo hao watatu wana milango mitatu ofisini, na mkulima hutumwa mlango hata mlango akiwa na barua mkononi. Yule mzee wa zamani hakuwa na milango. Alijua kwamba mti, mgomba na ng'ombe ni shauri moja.

Wala tusione haya kuitaja mbege, ingawa walimu wetu wa misheni hawakupenda tuitaje. Ndizi zake hutoka kihambani. Ulezi wake kwa desturi ulilimwa chini, katika mashamba ya tambarare. Gamba la msesewe, litiwalo ili kuipa uchungu wake, hutoka mtini. Ulezi huloweshwa hata uchipue, kisha hukaushwa na kusagwa, na mpishi wa pombe sharti ajue siku ya kila jambo. Mtu aliyekutanisha vitu hivi kwa mara ya kwanza hatumjui jina. Lakini twajua kwamba hakuwa mtu wa ndizi peke yake.

Jambo la pili ni mfongo, yaani mfereji wa maji. Mifongo ilikuwapo kabla ya mgeni wa kwanza wa Ulaya, Johannes Rebmann, kufika mlimani mwaka 1848. Huanzia kwenye makorongo ya juu, ikafuata ubavu wa mlima, na waliopima mteremko wake walipima kwa jicho na kwa maji yenyewe. Lakini kuchimba ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupatanisha watu: nani apate maji asubuhi na nani usiku, nani aitwe kuzibua, na asiyetokea kazini alipe nini. Mara nyingi alitozwa pombe, nayo ilinywewa na wale waliofanya kazi. Mkuu wa mfongo alihitaji kujua udongo, maji, sheria na tabia za majirani, yote katika kichwa kimoja.

Sasa angalia kilichotokea kahawa ilipokuja. Mwaka 1925 wakulima wa mlimani, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wao, waliunda chama cha wakulima wenyeji wa kahawa ili kupiga vita magonjwa ya mibuni na kuuza mazao yao pamoja. Mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na KNCU. Wazo la ushirika kwa sura hiyo, lenye hisa, daftari na mkutano mkuu, lilitoka mbali. Mwaka 1844 mafundi wa mji wa Rochdale huko Uingereza, wafumaji wa nguo wakiwamo, walifungua duka lao wenyewe, na kanuni zao zikasambaa duniani. Wapo watakaosema kwamba KNCU iliwekwa na serikali ya kikoloni kwa faida yake. Ni kweli mkono wa serikali ulikuwamo, na nia zake hazikuwa za sadaka. Lakini serikali hiyo ilitunga sheria ya vyama vya ushirika kwa Tanganyika nzima, na si kila mahali vilishika mizizi kama hapa. Kwa nini? Sisi twaona kwamba mtu aliyekwisha kuzoea zamu ya maji, kazi ya pamoja, na faini kwa mtegeaji, hakushangazwa na kanuni za chama. Mfumaji wa Rochdale na mchimba mfereji wa Machame hawakuonana kamwe, lakini akili zao zilikutana katika ghala la kahawa.

Tuje kwa mtu mmoja ambaye kila mfanyakazi angepaswa kulijua jina lake. Mwaka 1963 Ndugu Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto. Wavulana wa hapo walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, huyaacha yapoe, ndipo huyaingiza katika jokofu. Siku moja nafasi jokofuni zilikuwa chache, na Mpemba, akihofia kuikosa, aliingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Aliporudi alikuta yake yamekwisha kuganda, hali ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha hayajaganda. Akamwuliza mwalimu wake, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa.

Hapa ndipo wengi wetu tungenyamaza. Mpemba hakunyamaza, na sababu moja ni kwamba alikuta ushahidi nje ya darasa. Rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga alimwambia kwamba yeye huyaweka maziwa yakiwa moto ili yagande upesi. Muuza aiskrimu hakuwa na habari na vitabu vya fizikia. Alikuwa na wateja wanaongoja juani. Mpemba akaja kusoma Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mara hii akafanyiwa mzaha kwamba hiyo ni fizikia yake mwenyewe, siyo ya ulimwengu. Hata alipokuja mgeni, Dakta Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia chuoni Dar es Salaam, kijana aliuliza swali lile lile mbele ya wenzake, nao wakamcheka.

Osborne hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam aliagiza jambo lijaribiwe, na mwaka 1969 wote wawili walichapisha habari yake katika jarida la fizikia, jina la Mpemba likiwa pamoja na la mwalimu huyo. Wakati huo kijana wetu alikuwa hapa hapa mlimani, katika Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, akisomea kazi nyingine kabisa. Jambo hilo sasa laitwa duniani kwa jina lake. Wataalamu bado wanabishana: wengine wasema lipo, wengine wasema halijathibitika kwa vipimo vizuri. Na wabishane, ubishi huo ni kazi ya elimu. Lililo wazi ni kwamba Aristotle aliligusia jambo kama hilo zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na likahitaji mtoto wa Tanganyika, aliyesimama mguu mmoja jikoni na mmoja darasani, ili liulizwe upya.

Fikiri ingalikuwaje kama Osborne naye angalicheka. Na tujiulize ni akina Mpemba wangapi waliochekwa mara ya kwanza wakakaa chini, katika karakana, katika kiwanda, katika mkutano wa kijiji.

Hata hili gazeti ulishikalo ni mtoto wa michanganyiko kama hiyo. Johannes Gutenberg alikuwa mtu wa kazi za dhahabu na vyuma, na mtambo wake wa kuchapa ulifuata mfano wa shinikizo la kukamulia zabibu. Mhunzi na mkamua divai wakazaa mchapaji.

Mtu atatujibu kwa methali, kwamba mshika mawili moja humponyoka. Methali hiyo twaikubali, ila haitujibu sisi. Hatusemi kila mtu afanye kazi kumi. Dobi ajifanyaye daktari ni hatari, na fundi asiyejua vizuri kazi yake hana cha kumpelekea jirani. Mpemba hakuacha masomo akawe muuza aiskrimu. Alichofanya ni kumsikiliza muuza aiskrimu kama mtu mwenye elimu yake, kisha akaipeleka elimu hiyo mahali palipokuwa hapana. Kushika mawili ni tamaa ya mkono. Sisi twasema habari za sikio.

Na shauri hili lina haraka. Vihamba vimegawanywa baba kwa mwana hata vingine haviwezi tena kulisha nyumba moja. Vijana wametelemka kwenda mijini, na wazazi wao wamebaki na mibuni iliyozeeka. Tangu mwaka 2005, mpaka wa Hifadhi ya Taifa ulipopanuliwa ukauchukua msitu wa mlima, shida ya kuni imewaelemea zaidi akina mama. Bwana misitu peke yake hataimaliza shida hii, wala bwana shamba peke yake, wala askari wa hifadhi akiwa na bunduki yake.

Tazama gesi ya samadi. Tangu miaka ya 1980, wataalamu wa CAMARTEC, Arusha, wamefundisha namna ya kuijenga: shimo duara chini ya ardhi, lenye paa la matofali mfano wa kibuyu kilichofunikwa. Samadi na maji huingia upande mmoja, gesi huenda jikoni, na tope linalotoka huwekwa kwenye migomba. Katika kitu hiki kimoja wamo mwashi, mfugaji, mpishi na mkulima. Mwashi asipojua kuziba kuba lake, gesi huvuja. Mfugaji asipokuwa na ng'ombe bandani, shimo ni kaburi tupu. Na mpishi asipoulizwa tangu mwanzo jiko liwe wapi na la kimo gani, mtambo utageuka pambo la kuonyeshwa wageni. Hata huko chini kwenye kiwanda cha sukari cha TPC, makapi ya miwa yaliyokamuliwa huchomwa yakatoa umeme. Makapi yakawa moto kwa sababu mtu wa sukari na mtu wa umeme waliketi meza moja.

Kwa hiyo twavitaka vyama vyetu vya msingi vya ushirika vifanye jambo moja lisilohitaji fedha. Katika kila mkutano mkuu itengwe saa moja ambayo msemaji si mkulima: leo mwashi, kesho fundi wa pampu, kesho kutwa mama apikaye mbege kwa biashara. Aeleze shida ya kazi yake na namna anavyoishinda, kisha aulizwe maswali. Katibu aandike maswali hayo, hasa yale yanayochekesha.

Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Moshi, kilichoanza kama chuo cha ushirika mwaka 1963 na kupata cheo cha chuo kikuu mwaka 2014, kina vijana wengi wanaojifunza hesabu na sheria za vyama. Tungependa kila mmoja wao, kabla hajapewa shahada, akae majuma machache na kamati ya mfongo mmoja ambao bado unafanya kazi, Kibosho au Old Moshi, wakati wa kuzibua. Ashike jembe pamoja nao. Asikilize jinsi wazee wanavyogawa maji machache kwa watu wengi bila kompyuta, naye awaonyeshe jinsi daftari linavyoweza kuokoa ugomvi. Wazee hao wanazidi kupungua, na mvua za masika hazitawangoja wataalamu wetu wamalize vikao vyao.