Timu ni Amana, Si Shamba la Mtu



Huenda ukastaajabu kuona mambo ya mpira katika kurasa hizi, na tena mpira wa Mbeya na Iringa, nchi za baridi zilizo mbali na pwani yetu. Usistaajabu. Hatukuja kusema nani kafunga na nani kafungwa. Hayo wanayo wenyewe. Tumekuja kusema juu ya mali ya watu na namna inavyoliwa, juu ya ujira wa kijana na namna unavyozuiliwa, na juu ya ahadi zinazovunjwa mchana kweupe huku watu wakipiga makofi. Na vijana wa Tanga, wa Lindi na wa Unguja huenda bara kucheza kwa ujira, kama babu zao walivyokwenda kwa biashara. Basi jambo hili limo ndani ya nyumba zetu.

Tuanze na yaliyotokea, kisha ndipo tuhukumu.

Mwaka 1986 timu ya Tukuyu Stars, kutoka mji mdogo wa Tukuyu wilayani Rungwe, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Mji wa migomba na chai uliwashinda wakubwa wa Dar es Salaam. Leo kijana wa Tukuyu husimuliwa habari hiyo na wazee wake, lakini timu yenyewe haioni katika ligi kuu.

Mwaka 2011 Halmashauri ya Jiji la Mbeya iliunda timu ikaiita Mbeya City. Mwaka 2013 ikapanda ligi kuu, na katika msimu wake wa kwanza, 2013/14, ikashika nafasi ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga na mbele ya Simba. Uwanja wa Sokoine ulijaa watu. Lakini mwaka 2023 timu hiyo hiyo ilishuka daraja kwa mchezo wa mchujo na Mashujaa ya Kigoma, ikakaa chini misimu miwili kabla ya kupanda tena mwaka 2025.

Iringa nako wana Lipuli. Mwaka 2019 Lipuli iliifunga Yanga mabao mawili kwa bila katika Uwanja wa Samora, ikaingia fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na Azam bao moja kule Lindi. Mwaka mmoja baadaye, 2020, ilishuka daraja, na misimu mitano iliyofuata haikuonekana ligi kuu.

La nne ndilo zito kuliko yote. Ihefu ilikuwa timu ya Mbarali, nchi ya mpunga katika mkoa wa Mbeya. Ilicheza kwenye uwanja wa Highland Estates, na hapo, Novemba 2022, iliifunga Yanga mabao mawili kwa moja na kuukata mfululizo wa mechi 49 ambazo Yanga haikuwa imepoteza ligini. Wakulima walisherehekea kama siku ya sikukuu. Haikupita miaka miwili timu ikahamishiwa Singida, na mwaka 2024 ikabadilishwa jina ikawa Singida Black Stars. Nafasi ya ligi kuu iliyopatikana kwa jasho la Mbarali ilichukuliwa kama mtu achukuavyo gunia la mchele akalipakia garini.

Sasa atasema mtu: "Timu ni mali ya mwenye fedha. Yeye ndiye aliyelipa mishahara na nauli. Akitaka kuuza auze, akitaka kuhamisha ahamishe. Nyinyi mliolipa kiingilio mlinunua mchezo wa dakika 90, hamkununua timu."

Nasi twamjibu. Ni kweli kwamba mtu ana haki na mali yake. Lakini tuulize: mali hii ni nini? Je, ni mipira na jezi? Hizo hupatikana dukani. Je, ni wachezaji? Hao ni watu huru wenye mikataba. Kilichouzwa hasa ni nafasi katika ligi na watu wanaoifuata timu. Nafasi hiyo haikununuliwa sokoni, ilishindaniwa uwanjani kwa jina la mahali na mbele ya watu wa mahali hapo. Mwenye fedha alipokuwa akitafuta watu wa kujaza uwanja, aliwaambia wakazi: "Hii ni timu yenu." Aliposhika kalamu ya kuuza akasema: "Hii ni timu yangu." Kauli mbili hizi haziwezi kuwa kweli pamoja. Mojawapo ni uongo, na uongo wa biashara ni udanganyifu hata kama sheria ya ligi imeuruhusu.

Wala usidhani jambo hili ni la kwetu tu. Huko Uingereza, mwaka 2002 klabu ya Wimbledon iliruhusiwa kuhama kutoka London kwenda mji wa Milton Keynes. Mashabiki hawakukaa kulia. Mwaka huo huo waliunda klabu yao wenyewe, AFC Wimbledon, wakaanza madaraja ya chini kabisa, wakapanda mpaka kwenye ligi za kulipwa. Na Ujerumani wana kanuni kwamba, isipokuwa klabu chache zilizoruhusiwa, wanachama lazima wawe na zaidi ya nusu ya kura, hata tajiri alete fedha kiasi gani. Hawa si watu wasiopenda fedha. Wamejua tu kwamba fedha isipofungwa kamba hula mwenye nyumba.

Atasema mwingine: "Basi dawa ni timu kumilikiwa na serikali au halmashauri. Hizo hazihamishwi wala haziuzwi."

Twajibu: Ni kweli hazihamishwi upesi. Tanzania Prisons ya Jeshi la Magereza imekaa Mbeya miaka mingi, na kudumu huko ni jambo la kusifiwa. Lakini fedha ya halmashauri ni ya nani? Ni ya ushuru wa sokoni, ni ya mama aliyepanga viazi chini tangu alfajiri. Mama huyo ana haki ya zahanati na ya dawati la mwanawe kabla ya haki ya winga wa kulia. Hatusemi halmashauri isiwe na timu, kwani vijana nao ni watu na michezo ni afya. Twasema kwamba ikiwa nayo, hesabu ya timu isomwe hadharani kama isomwavyo hesabu ya barabara: kimeingia kiasi gani, kimetoka kiasi gani, nani anadaiwa. Na pia kuna hatari nyingine. Viongozi wa ofisi hubadilika. Huyu apenda mpira, akija mwingine haupendi. Timu inayoishi kwa mapenzi ya mkubwa mmoja haina tofauti na timu ya tajiri, ila tu tajiri huyu atumia fedha isiyo yake.

Atasema wa tatu: "Basi iwe ya wanachama." Huyu amekaribia haki, lakini asikimbilie kufurahi. Wanachama wa wapi? Wale wanaolipa ada mwezi wa uchaguzi tu, tena wakilipiwa na mgombea? Wale wanaopewa taarifa ya fedha kwa mdomo, wakapiga makofi wakaenda kunywa chai? Mwaka 2017, Simba ilipobadili mfumo wake, serikali ilishikilia kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji asizidi asilimia 49. Ni kanuni njema. Lakini asilimia 51 mikononi mwa watu wasiouliza ni sawa na sifuri. Na kanuni hiyo humhifadhi mwanachama aliyeandikwa. Mshabiki asiye na kadi wala hisa hana pa kusimama siku timu inapouzwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ugonjwa haukai katika jina la mwenye timu. Tajiri, ofisi au wanachama, wote waweza kuharibu na wote waweza kujenga. Ugonjwa ni kwamba mtu ashika mali ya watu na hatoi hesabu.

Tazama jinsi fedha inavyopotea. Timu hupanda daraja, na siku ya pili viongozi husajili wachezaji kwa ahadi kabla ya kujua pato la mwaka. Hutegemea kiingilio, na mikoani uwanja hujaa siku ya Simba na ya Yanga tu. Uwanja wenyewe hulipiwa, maana Sokoine na Samora ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, wala si mali ya vilabu. Kisha safari: kutoka Mbeya hadi Bukoba au Mtwara ni siku nzima na zaidi barabarani, na timu hula, hulala na kutibiwa. Fedha ikipungua huanza kukopa. Mkopo wa kwanza hulipwa kwa mkopo wa pili. Mwisho wake mshahara husimama. Mchezaji mwenye jina huondoka, na anayebaki ni yule maskini asiye na pa kwenda, naye ndiye anayelaumiwa timu ikifungwa.

Wala usiseme fedha haipo katika mchezo huu. Mwaka 2021 mkataba wa kuonyesha ligi kwenye televisheni ulitiwa saini kwa zaidi ya shilingi bilioni 225 kwa miaka 10. Fedha imeongezeka, na vilio vya mishahara havijakoma. Hii yaonyesha kwamba tatizo si uchache wa fedha pekee. Chungu kilichotoboka hakijai kwa kuongezewa maji.

Na kuna mlango mwingine unaotuhusu sisi zaidi. Vilabu vinapofilisika, hukimbilia kampuni za kamari. Mwaka 2017 Simba na Yanga, kila moja, ziliingia mkataba wa miaka mitano na kampuni ya kubahatisha, na baada ya hapo jambo likawa la kawaida. Sasa mtoto wa nyumba inayosali huvaa kifuani tangazo la kamari, naye hajui, na baba yake ndiye aliyeinunua jezi. Uharamu wa kamari hauna mjadala kwetu. Lakini jua chanzo chake: klabu iliyoendeshwa kwa hesabu na kiasi isingelazimika kubisha mlango huo.

Dini yetu haikutuacha gizani katika mambo haya. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyo katika Suratul Baqara, ni aya ya deni: kwamba liandikwe, lidogo au kubwa, na mashahidi wawepo. Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na wazee wetu walijua wakfu: aliyekabidhiwa shamba la msikiti hula kwa kiasi cha kazi yake, wala haliuzi. Timu ya mji si wakfu kisheria, lakini anayeishika ashike kwa adabu hiyo.

Basi twataka nini? Twataka mambo manne. Kwanza, hesabu za kila klabu zikaguliwe na mtu wa nje na zibandikwe zisomwe na kila mtu, kila mwaka. Pili, klabu isiruhusiwe kusajili mchezaji mpya ilhali inadaiwa mshahara na wa zamani. Tatu, jina na makao ya timu yasibadilishwe mpaka wanachama na wakazi waulizwe, na anayetaka timu Singida aianzishe Singida kutoka daraja la chini kama walivyofanya wengine. Nne, matumizi yafuate pato, hata kama maana yake ni kubaki daraja la pili kwa heshima.

Nawe msomaji una kazi. Mwanao akiitwa kucheza bara, usome mkataba kabla hajapanda basi, uulize nani mlipaji na lini atalipa, na ubaki na nakala. Ukilipa ada ya klabu, iwe Coastal Union au nyingine, uhudhurie mkutano na usimame uulize hesabu. Watakuita mkorofi. Waache waseme. Mfadhili akipigiwa makofi kwa fedha aliyotoa, wewe uliza fedha ile imekwenda wapi, na yule kijana aliyefunga bao amelipwa au hakulipwa.

Wabillahi tawfiq.