Sehemu ya 5: Tumbo la ghafla na hii CT skani tunayoidai

Leo tuambiane ukweli, hata kama wengine mtanuna.

Siku hizi mtoto akishikwa na tumbo, swali la kwanza wodini ni: "Nesi, mbona hamumpigi CT skani?" Kama vile bila kile kipimo kikubwa mtoto hajatibiwa. Mimi nasema hapana. Kwa mtoto, na kwa mama mjamzito, picha ya kwanza kwa kawaida iwe ultrasaundi. Haina mionzi, bei yake ni nafuu, na kwenye mikono ya mtu anayeijua inaonyesha mengi: kidole tumbo kilichovimba, utumbo ulioingia ndani ya utumbo, mimba iliyotunga nje ya kizazi.

CT inatumia eksirei. CT moja ya tumbo inaweza kufikia mionzi ya eksirei za kifua 100 au zaidi. Hatari ya CT moja ni ndogo, lakini mwili wa mtoto unaathirika na mionzi kuliko wetu. Kwa nini apate mionzi isiyo na sababu, na wewe uilipie?

Sasa msininukuu vibaya. Kuna tumbo linalookolewa na CT: la mtu aliyegongwa kwenye ajali, la mzee lililobana ghafla, au lile ambalo ultrasaundi imeacha maswali. Hapo daktari akiomba CT, usivute siku. Muulize tu: tunatafuta nini, na majibu yatabadilisha matibabu? Na sema mapema kama una mimba, figo zina shida, unatumia metformin, au una mzio, maana mara nyingi kuna dawa inachomwa mshipani ili picha ionekane vizuri.

Kinachoniuma mimi ni saa zinazopotea nyumbani. Eti ni chango, mchue kwanza, mpe dawa ya minyoo, tuone kesho. Kidole tumbo hakisubiri kesho, kinapasuka. Ukiona haya, nenda hospitali saa hiyo hiyo:

- maumivu yalianzia kitovuni, yakahamia chini kulia
- tumbo gumu kama ubao, mtoto hataki liguswe
- matapishi ya kijani
- mtoto mchanga analia kwa vipindi, anakunja miguu, anatoa choo chenye damu
- umekosa hedhi, tumbo la chini linauma, unasikia kizunguzungu

Na daktari akiligusa tumbo, akaangalia damu na mkojo, kisha akasema twende chumba cha upasuaji bila CT, usimwone hajui kazi. Usimbebe mtoto kuzunguka mji mzima kutafuta mashine wakati tumbo linaharibika. Mkono wa daktari nao ni kipimo.

Mtumie na mdogo wako mwenye mtoto. Tukutane sehemu ya 6.